Anne Frank hakufichwa na kabati la vitabu, alifichwa na watu

Kila ikitajwa stori ya Anne Frank, yule msichana wa Kiyahudi aliyeandika shajara akiwa amejificha na familia yake Amsterdam wakati wa vita ya pili ya dunia, watu wanakumbuka kitu kimoja, lile kabati la vitabu linalofunguka kama mlango na nyuma yake kuna ngazi, ndo picha inayozunguka kila mahali, yaani mtu anabaki anaamini kwamba familia ile ilipata chumba kizuri cha siri, ikaingia, ikafunga mlango, ikakaa kimya miaka miwili mpaka siku ya kukamatwa. Ukibaki na picha hiyo kuna mambo mengi huwezi kuyaelewa. Hutaelewa kwa nini Wayahudi wengi wa Uholanzi hawakujificha kabisa, hutaelewa kwa nini wengi waliojificha walinaswa, wala hutaelewa watu 8 walikula nini kwa miezi 25 wakati kila mkate nchini unatolewa kwa kuponi. Kabati lenyewe liliwekwa Agosti 1942, wakati wenyewe walikuwa wameshakaa mle ndani zaidi ya mwezi. Waliowaficha ni watu waliokuwa nje, watu wenye kazi ya kufanya kila siku bila kupumzika, kwa hiyo nataka nieleze jambo hili kuanzia kwao.

Turudi nyuma kidogo. Anne alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, tarehe 12 Juni 1929, mtoto wa pili wa Otto na Edith Frank, dada yake Margot alimzidi miaka 3. Hitler aliposhika madaraka Januari 1933 Otto hakusubiri, mwaka huohuo akaenda Amsterdam kuanzisha biashara, na Februari 1934 Anne naye akawa ameshafika, mtoto wa miaka 4 anayejifunza Kiholanzi mtaani na shuleni. Biashara yenyewe ilikuwa kuuza pektini, ule unga wa kugandishia jemu, halafu mwaka 1938 Otto akaongeza kampuni ya viungo vya nyama na akamchukua Hermann van Pels, Myahudi mwingine aliyekimbia Ujerumani, ambaye viungo vya soseji alikuwa anavijua vizuri sana. Hii biashara ishike akilini, maana bila yenyewe maficho yasingekuwepo.

Ujerumani ikavamia Uholanzi tarehe 10 Mei 1940 na ndani ya siku 5 nchi ikawa imesalimu amri. Hapo watu huwa wanauliza, kwa nini hawakukimbia tena kama walivyokimbia mwanzo? Jamani walijaribu. Otto alikuwa ameshaomba viza ya Marekani, ila mabomu yaliyopiga Rotterdam Mei 1940 yaliharibu ofisi ya ubalozi mdogo wa Marekani pamoja na makaratasi ya waombaji, mwaka 1941 akaanza upya akisaidiwa na rafiki yake wa zamani aliyekuwa New York, lakini masharti yakawa yanazidi kukazwa mwezi hadi mwezi mpaka ofisi za Kimarekani kwenye nchi zilizotekwa zikafungwa kabisa. Akageukia Cuba. Tarehe 1 Desemba 1941 akapata kibali kimoja, cha kwake peke yake, na siku 10 baadaye Ujerumani ikatangaza vita na Marekani na hicho kibali kikafutwa. Kwa hiyo mtu anayesema walikaa tu wakisubiri hajui stori yote, milango ilifungwa mmoja baada ya mwingine huku mwenyewe akiwa anagonga.

Sasa tuje kwenye kitu ambacho naona ndo moyo wa jambo lote, nacho ni makaratasi. Januari 1941 utawala wa Wajerumani uliamuru kila Myahudi Uholanzi ajiandikishe, na karibu wote wakaenda, kama watu 140,000, maana hii ilikuwa nchi ambayo mtu amezoea kuandikishwa, serikali ina daftari la kila mkazi, anwani, dini, nani anaishi na nani. Juu ya hilo kulikuwa na ofisa wa Kiholanzi, Jacob Lentz, ambaye alibuni kitambulisho chenye picha na alama ya kidole, kigumu kukighushi kuliko karibu vyote Ulaya, na cha Myahudi kikagongwa herufi J kubwa. Wasomaji wa Rwanda hapa hawahitaji maelezo marefu, wanajua kitambulisho kilichoandikwa kabila kiliwafanya nini watu kwenye vizuizi vya barabarani mwaka 1994. Ukishaandikwa, kujificha kunakuwa kazi ya aina nyingine kabisa, kwa sababu haitoshi kutoonekana, lazima pia jina lako lipotee kwenye daftari la serikali, na ukipotea kwenye daftari chakula nacho kinapotea.

Amri nyingine zilikuja kidogo kidogo. Watoto wa Kiyahudi wakahamishiwa shule zao peke yao, Anne na Margot wakahamia sekondari ya Kiyahudi, sinema marufuku, bustani za umma marufuku, mabwawa ya kuogelea marufuku, Mei 1942 nyota ya njano kifuani, halafu mwisho wa Juni wakakatazwa kutoka nje kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi, wakazuiwa kupanda tramu, wakaambiwa wasalimishe baiskeli. Ukiishi Amsterdam bila baiskeli wala tramu huna jiji. Ndani ya hali hiyo Anne alitimiza miaka 13 na akapewa daftari lenye jalada la mirabaraba nyekundu na nyeupe, ambalo ndo likawa shajara yake.

Jumapili tarehe 5 Julai 1942 ikaja barua ya wito kwa jina la Margot, miaka 16, aripoti kwenda "kufanya kazi" Ujerumani. Otto na mkewe walikuwa wanaandaa maficho kimyakimya kwa miezi kadhaa, wakipeleka vyombo na chakula kidogo kidogo, ila barua ile ikawafanya waondoke kesho yake asubuhi mvua ikinyesha. Hawakubeba masanduku maana Myahudi mwenye sanduku barabarani alikuwa anajitangaza, walivaa nguo juu ya nguo mwezi wa Julai, wakatembea kwa miguu kuvuka mji. Margot alitangulia kwa baiskeli ambayo hakuruhusiwa kuwa nayo, bila nyota, akimfuata Miep Gies, mfanyakazi wa baba yake, na kama polisi angewasimamisha pale njiani wote wawili wangekwisha. Nyumbani waliacha vitu ovyo ovyo pamoja na kikaratasi cha kuwafanya watu wadhani wametorokea Uswisi. Huo uongo ulifanya kazi, majirani waliusambaza wenyewe.

Maficho yalikuwa ofisini kwa Otto mwenyewe, Prinsengracht namba 263, kando ya mfereji. Nyumba za zamani za Amsterdam ni nyembamba kwa mbele ila zinaenda ndani sana, mara nyingi kuna jengo la pili nyuma limeunganishwa na la mbele, na hilo la nyuma ukiwa barabarani hulioni. Chini kulikuwa na stoo ya viungo, juu ya stoo ofisi, na nyuma huko juu vyumba vichache na dari. Tarehe 13 Julai wakaja Hermann van Pels na mkewe Auguste na mtoto wao Peter, Novemba akaja daktari wa meno Fritz Pfeffer ambaye ilibidi alale chumba kimoja na Anne, jumla wakawa 8. Pfeffer alikuwa na miaka 53, Anne 13, meza ndogo moja ya kuandikia, na waligombana juu ya hiyo meza kama ambavyo watu wowote wangegombana.

Waliobaki nje walikuwa Victor Kugler na Johannes Kleiman, hawa ndo walioendesha kampuni, Miep Gies na mume wake Jan, Bep Voskuijl mchapaji wa miaka 23, na baba yake Bep, mzee Johan, msimamizi wa stoo, ambaye ndiye aliyetengeneza lile kabati. Otto alimuuliza kila mmoja mapema, akieleza hatari yake, na Miep alikubali palepale. Kuna jambo juu ya Miep ambalo halisemwi sana: hakuzaliwa Uholanzi, alizaliwa Vienna mwaka 1909, na mwaka 1920 alipelekwa Uholanzi akiwa mtoto mwenye utapiamlo baada ya vita ya kwanza, familia ya watu asiowajua wakamlisha na kumlea mpaka akawa mtu. Yeye mwenyewe alikuwa mtoto aliyeokolewa na mlango wa mtu mwingine.

Kampuni nayo ilibadilishwa makaratasi kabla. Wayahudi walikatazwa kumiliki biashara, kwa hiyo kampuni ya viungo ikawekwa kwa jina la Jan Gies na Kugler na nyingine ikabaki chini ya Kleiman, lakini kiukweli biashara iliendelea kuwalisha waliokuwa juu. Kwa mtazamo wangu hii ndo tofauti kubwa kati ya akina Frank na Myahudi fundi cherehani au mchuuzi wa sokoni pale Amsterdam, na Wayahudi maskini Amsterdam walikuwa wengi mno. Kujificha kulitaka fedha ya kila wiki, kulitaka ujuane na watu wasio Wayahudi kwa ukaribu wa kuwakabidhi roho yako, kulitaka jengo. Mtu ambaye hana hata kimoja kati ya hivyo akipata barua ya wito anafanyaje? Anaenda, akitumaini kwamba "kazi Ujerumani" ni kazi kweli.

Haya, chakula. Wakati wa vita karibu kila kitu kilikuwa kwa mgao, ili upate kuponi lazima uwe na kadi ya mgao, na kadi inatolewa kwa mtu aliyepo kwenye daftari. Wajerumani waliona kabisa kwamba hapo ndo pa kuwabana watu walio mafichoni, unambana kwa tumbo. Kwa hiyo kila siku ya kila aliyejificha ilitegemea kuponi zilizoibwa, zilizonunuliwa au zilizoghushiwa. Kulikuwa na mtandao wa taifa wa kusaidia waliojificha, ulianza mwisho wa 1942, mmoja wa waanzilishi alikuwa mama wa nyumbani Helena Kuipers-Rietberg akishirikiana na mchungaji Frits Slomp, na sambamba nao vikundi vyenye silaha vilivamia ofisi za mgao na kubeba kuponi kwa maelfu. Jan Gies alikuwa ameunganika na harakati za chinichini na ndiye aliyeleta kuponi za watu wa kule juu. Miep akawa anaenda dukani na kikapu akinunua chakula cha watu wengi, siku nyingine anagawanya manunuzi kwenye maduka tofauti ili asitiliwe shaka. Kabla ya kuingia mafichoni Hermann van Pels alikuwa amemzoesha Miep kwenye bucha la mtu anayefahamiana naye, akasimama pale tu ili muuza nyama amuone sura, na baadaye Miep alipokuja peke yake na orodha ndefu yule bwana akatoa nyama bila maswali. Mkate ulitoka kwa mwoka mikate anayejuana na Kleiman. Mboga na viazi zilitoka kwa Hendrik van Hoeve, duka lake lilikuwa jirani tu.

Ukisoma alichoandika Anne unakutana na chakula kwenye kila kona, magunia ya maharage kavu ambayo Peter aliyapandisha darini na moja likapasuka ngazini maharage yakamwagika kama maji, wiki za kula kabichi tu au spinachi tu, viazi vilivyooza, halafu Julai 1944 ghafla maboksi ya stroberi yaliyokuja ofisini na watu wote juu na chini wakakaa kuchambua na kutengeneza jemu. Machi 1944 wale waliokuwa wanawapatia kuponi walikamatwa na meza ya kule juu ikabadilika wiki ileile. Kuponi moja ikikosekana mahali usipopajua, wewe unalala njaa bila hata kujua kosa limetokea wapi.

Sasa ratiba. Wafanyakazi wa stoo, ukiacha mzee Voskuijl, hawakujua kitu. Kwa hiyo kuanzia saa 2 na nusu asubuhi watu 8 wanatembea na soksi, hawafungui bomba, hawavuti maji chooni, wanaongea kwa kunong'ona, mpaka saa 6 na nusu mchana wafanyakazi wakienda kula. Hapo wafadhili wao wanapanda juu, wanakula pamoja, wanaleta habari, redio inawashwa wasikilize BBC. Halafu kimya tena mpaka saa 11 na nusu jioni. Siku fundi bomba alipokuja kurekebisha mabomba chini ilibidi wakae bila kutumia choo, wakatumia vyupa. Anne alipougua mafua na kikohozi Desemba 1943 alijiziba chini ya blanketi kila koo lilipowasha, daktari hawezi kuitwa. Macho yake yalianza kutoona mbali, wakafikiria ampeleke mtu kwa daktari wa macho mtaani, Anne mwenyewe alitetemeka kusikia tu neno kutoka nje, na mwishowe wakaamua hapana. Nguo zilimbana kwa sababu mtoto anakua, alama za penseli za urefu wake bado zipo ukutani, alirefuka zaidi ya sentimita 13 akiwa mle ndani. Na akili nayo ilihitaji kulishwa: Miep alileta vitabu vya maktaba kila Jumamosi, Kugler alileta gazeti la sinema, na masomo ya posta ya Kilatini na ya hatimkato yalisajiliwa kwa jina la Bep, mwalimu wa masomo hayo akimsifu Bep kumbe wanaosoma ni wengine.

Hatari nyingine zilitoka mahali usipofikiria. Februari 1943 mwenye jengo aliliuza bila kuwaambia, mnunuzi akaja na msanifu majengo akataka kukagua kila chumba, Kleiman akadai amesahau ufunguo wa nyuma nyumbani, na yule bwana hakusisitiza. Mzee Voskuijl akaugua kansa, akaacha kazi mwaka 1943, nafasi yake stoo akachukua Willem van Maaren ambaye alikuwa anadadisi, anaweka mitego midogo kama penseli pembeni ya meza ili ajue kama kuna mtu anapita usiku. Wezi wakaingia zaidi ya mara moja. Aprili 1944, wikiendi ya Pasaka, wezi walivunja mlango wa stoo, polisi wakaja kukagua usiku, wakapanda mpaka kwenye kabati na kulitikisa. Watu 8 wakakaa gizani mpaka asubuhi wakitumia ndoo, wakijadiliana kwamba daftari la Anne lichomwe moto. Yeye alisema likichomwa na yeye achomwe.

Na kabla hatujaenda mbele niseme jambo hili: maisha ya Anne hayakuwa ya kawaida hata kwa waliojificha. Wengi walitenganishwa. Familia kukaa pamoja, na watoto wao, na vitabu vyao, sehemu moja miaka miwili, ilikuwa bahati ambayo wachache waliipata. Mtoto wa kawaida wa Kiyahudi aliyefichwa Uholanzi alipewa jina jipya na dini mpya, akapelekwa shamba huko Friesland au Limburg kwa watu asiowajua, akahamishwa nyumba baada ya nyumba kila tetesi zilipotokea. Pale Amsterdam Wayahudi waliokamatwa walikusanywa kwenye ukumbi wa maigizo, watoto wadogo wakawekwa kitalu cha watoto ng'ambo ya barabara, na hapo Walter Süskind, Henriëtte Pimentel na mwalimu Johan van Hulst wa chuo cha jirani, pamoja na wasichana walezi na vijana wanafunzi, walitorosha watoto kama 600, wengine ndani ya mikoba na vikapu vya nguo chafu, wakifuta jina kwenye orodha kwanza maana bila kufuta jina mtoto angetafutwa. Unaona, ni daftari tena. Ndo maana tarehe 27 Machi 1943 kikundi cha wasanii na vijana wakiongozwa na Gerrit van der Veen na Willem Arondeus walivaa sare za polisi wakalipua ofisi ya kumbukumbu za wakazi Amsterdam. Sehemu tu ya kadi iliungua, na watu 12 kati yao wakapigwa risasi tarehe 1 Julai.

Upande wa pili kulikuwa na watu waliolipwa. Mwaka 1943 kundi la Waholanzi likiongozwa na Wim Henneicke liliwinda Wayahudi waliojificha kwa bonasi ya gilda (fedha ya Uholanzi) 7 na senti 50 kwa kichwa, na kwa miezi michache walikamatisha zaidi ya watu 8,000. Ukijumlisha yote, Wayahudi kati ya 25,000 na 28,000 walijificha Uholanzi na karibu theluthi yao walinaswa. Waliosafirishwa kwa treni kwenda makambini ni kama 107,000, waliorudi ni kama 5,000. Waliouawa ni karibu asilimia 75 ya Wayahudi wote wa nchi, wakati Ubelgiji jirani ilikuwa kama 40 na Ufaransa kama 25. Sababu zinajadiliwa mpaka leo: nchi tambarare isiyo na milima wala misitu mikubwa, Ujerumani mpakani na bahari upande wa pili, utawala uliokuwa mikononi mwa wanachama wa Nazi wenyewe badala ya jeshi, na yale madaftari mazuri. Mimi naamini madaftari yalichangia kuliko milima.

Nirudi kwa Anne. Tarehe 28 Machi 1944 waziri Gerrit Bolkestein, akiwa London na serikali ya Uholanzi iliyokuwa uhamishoni, alitangaza redioni kwamba baada ya vita zitakusanywa shajara na barua za watu wa kawaida. Anne alikuwa anasikiliza. Mwezi Mei akaanza kuandika upya shajara yake yote kwenye karatasi za rangi, akikata, akipanga, akiwapa watu majina ya bandia, akikusudia kitabu. Kwa hiyo kuna maandishi mawili ya mkono wake mwenyewe, lile la kwanza na lile alilolirekebisha, na baba yake baadaye akaunganisha yote mawili kupata kitabu kilichotoka tarehe 25 Juni 1947, akipunguza sehemu ambazo Anne anazungumzia mwili wake na ukali wake kwa mama yake. Nasema hivi kwa sababu mtandaoni watu wanaitumia tofauti hiyo kudai shajara ni feki, tena wanaongeza dai la kalamu ya bolpeni ambayo haikuwepo vitani. Bolpeni ilikutwa kwenye vikaratasi viwili vilivyochomekwa mle na mchunguzi wa mwandiko miaka mingi baada ya vita. Taasisi ya Uholanzi ya kumbukumbu za vita ilipima karatasi, wino, gundi na mwandiko, ikachapisha matokeo mwaka 1986, na jambo likaisha kwa mtu yeyote anayetaka kujua ukweli.

Tarehe 4 Agosti 1944, saa 4 na nusu asubuhi hivi, ofisa wa SS, kikosi cha Wanazi, Karl Silberbauer aliingia pale na polisi wa Kiholanzi. Kugler akalazimishwa kuwapeleka mpaka kwenye kabati. Silberbauer akachukua mkoba uliokuwa na maandishi ya Anne, akamwaga makaratasi chini ili aweke fedha na vito. Walichukuliwa wote 8 pamoja na Kugler na Kleiman. Miep aliachwa, Silberbauer alikuwa mtu wa Vienna kama yeye na Miep alimtambua kwa lafudhi. Siku chache baadaye Miep alijitia moyo akaenda ofisini kwake kujaribu kuwanunua watu wake kwa fedha, akarudi mikono mitupu. Yeye na Bep ndio waliookota yale makaratasi sakafuni, Miep akayaweka kwenye droo bila kuyasoma. Baadaye alisema kama angeyasoma angeyachoma, maana mle ndani kulikuwa na majina ya kila aliyewasaidia.

Tarehe 3 Septemba 1944 waliwekwa kwenye treni yenye watu 1,019 kutoka kambi ya Westerbork kwenda kambi ya mauaji ya Auschwitz, na hiyo ilikuwa treni ya mwisho kutoka Westerbork kwenda huko. Hermann van Pels aliuawa kwa gesi. Edith alikufa Auschwitz Januari 1945, Pfeffer alikufa kambi ya Neuengamme Desemba 1944, Peter kambi ya Mauthausen, Auguste njiani akihamishwa kambi. Margot na Anne walipelekwa kambi ya Bergen-Belsen, wakafa kwa homa inayoenezwa na chawa, watafiti wanaona ni Februari 1945, na Waingereza wakaikomboa kambi tarehe 15 Aprili. Aliyerudi ni Otto peke yake. Alifika Amsterdam Juni 1945 na akaenda kukaa kwa Miep na Jan, hakuwa na kwingine. Siku alipopata uhakika kwamba mabinti zake hawapo tena Miep alifungua droo akampa yale makaratasi.

Swali la nani aliwachongea limechunguzwa na polisi miaka ya 1947 na 1948, halafu tena 1963, Van Maaren akihojiwa mara zote mbili na ushahidi ukikosekana. Mwaka 2016 watafiti wa jumba la makumbusho pale Prinsengracht walitoa hoja kwamba huenda polisi walikuja kufuatilia magendo ya kuponi na kazi isiyo halali, wakakuta watu bila kutarajia. Mwaka 2022 timu nyingine ilimtaja mwanasheria mmoja Myahudi, wanahistoria wakaonyesha kwamba ushahidi wake ni dhaifu, na mchapishaji wa Kiholanzi akaomba radhi na kukiondoa kitabu sokoni. Mimi naumia tukitafuta jina la mchongezi mmoja tukawasahau walionyamaza, maana hao ndio wanaoeleza miezi 25. Van Hoeve muuza mboga hakuambiwa kitu na mtu yeyote, alihisi tu kutokana na wingi wa viazi. Usiku ule wa Pasaka alipita akaona mlango wa stoo umevunjwa, akaona bora asiite polisi, kesho yake akamwambia Jan. Nyumbani kwake mwenyewe alikuwa amewaficha Wayahudi wawili. Tarehe 25 Mei 1944 wakamkamata, akapitishwa kambi kadhaa, akarudi hai. Miep na Jan nao, kumbe tangu 1943 walikuwa wamemficha mwanafunzi nyumbani kwao aliyekataa kusaini kiapo cha utii kwa Wajerumani, na wale 8 wa kule juu hawakuambiwa, ili wasiwe na jambo la ziada la kuhofia.